Mafrère waliofungua minyororo

Mama, labda umekwisha kuona mutu mwenye wazimu akifungwa kamba nyuma ya nyumba. Jamaa zake si wabaya. Wanaogopa, na hawajui la kufanya. Huko Ulaya pia walifanya vile vile. Sikia habari za mji wa Gand, katika Ubelgiji.

Katika mji ule kuna ngome ya zamani ya mawe, inaitwa ngome ya Gerardi Ibilisi. Chini yake, gizani, wanaume wenye wazimu walifungwa minyororo kama wezi. Walikuwa wamekosa nini? Hawakukosa kitu, waliugua tu. Basi padiri mmoja, Pierre-Joseph Triest, alikuwa amekusanya vijana mwaka 1807 ili watunze wazee maskini katika lopitali ya Bijloke. Ndio mwanzo wa Mafrère wa Charité. Mwaka 1815 wakashika kazi ya kuwatunza wale wa ngomeni pia, wakawafungua minyororo.

Si kwamba wote walipona. Dawa za leo hazikuwako. Lakini mwaka 1828 akaja munganga Joseph Guislain kufanya kazi pamoja nao. Yeye alisema wazimu ni ugonjwa, na mugonjwa anahitaji utulivu, kazi ya mikono na maneno ya upole. Mwaka 1857 nyumba mpya ikafunguliwa, iliyojengwa makusudi kwa wagonjwa hawa.

Mafrère walifika Kongo mwaka 1911. Lopitali yao ya wagonjwa wa akili kule Lubumbashi ina jina la Guislain yule yule. Ya Goma inaitwa Tulizo Letu.

Kwa nini tunakuambia haya siku ya kupima watoto? Kwa sababu ugonjwa huu unaweza kumpata mama aliyezaa, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza. Halali usiku, anasema ovyo, anasikia sauti, anamwogopa mutoto wake mwenyewe. Watu watasema amelogwa. Hapana! Ugonjwa huu una dawa, na wengi wanapona kabisa. Ukiona dalili hizi kwa dada yako au jirani, mulete siku ile ile, usingoje. Njiani musimwache peke yake na mutoto, lakini mulete na mutoto pia, tumwangalie kama ananyonya vizuri.