Kabati la jikoni: usitume pesa kabla ukuta haujakauka

Swali la makabati huwa linatufikia likiwa na picha. Mtu ameona jiko zuri kwenye simu, amemtumia fundi aliyeko nyumbani, fundi amejibu, "Hilo dogo, tuma nusu ya hela nianze." Naye anatuuliza: nitume?

Jibu letu karibu kila mara ni moja: bado. Fundi si lazima awe tapeli. Ila kabati ni kazi ya mwishoni katika jiko, na ukiilipia mapema unalipia vipimo ambavyo bado havipo.

Angalia hesabu hii. Ukuta wa matofali una urefu wa mita 3 kutoka kona hadi kona. Ukishapigwa plasta na kubandikwa vigae, kila upande umekula kama sentimita 3. Mita 3 imekuwa mita 2 na sentimita 94. Makabati matano ya sentimita 60 yaliyotengenezwa kwa kipimo cha tofali yanahitaji mita 3 kamili. Hayaingii. Hapo fundi atakata moja, au atavunja vigae, na gharama itakurudia wewe uliye mbali.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na pesa nayo iufuate:

1. Mabomba ya maji safi na maji machafu, na nyaya za umeme, ndani ya ukuta.
2. Plasta, kisha subiri ikauke.
3. Vigae vya sakafu na vya ukuta, na dari.
4. Kupima jiko upya.
5. Makabati.
6. Kaunta ya juu, sinki na koki.

Wengine hununua bodi mapema kwa kuogopa bei kupanda. Woga huo tunauelewa. Lakini bodi zikilazwa miezi kwenye chumba chenye saruji mbichi hunyonya unyevu na kupinda. Kama una pesa leo na jiko halijafika hatua ya nne, iache kwenye akaunti yako au inunulie vigae. Vigae haviozi.

Bodi gani?

Wewe unayefanya kazi ndani ya nyumba za watu unajua kuliko picha yoyote: kabati la kwanza kuharibika ni la chini ya sinki. Maji yanadondoka kidogo kidogo, ubao unavimba, mlango haufungi. Anza kuchagua kutoka hapo.

Chipbodi ni rahisi kwa bei, lakini ikilowa huvimba na hairudi. MDF ni laini, inapakwa rangi vizuri na inafaa kwa milango, lakini nayo haipendi maji. Plaiwudi nzuri, na hasa ile mafundi wanayoiita marinbodi, huvumilia unyevu zaidi na hushika skrubu vizuri. Mbao ngumu kama mninga na mkongo hudumu sana, ila ziwe zimekauka sawasawa, la sivyo milango itapinda baada ya kufungwa.

Kuna na alumini. Walioko Oman na Emirates wameshaona majiko mengi ya alumini. Hailiwi na mchwa, haivimbi. Nyumbani, mafundi wengi wanaotengeneza madirisha ya alumini wanaweza pia kutengeneza makabati. Kama nyumba yako iko pwani au mahali penye mchwa, omba bei zote mbili, ya bodi na ya alumini, kabla ya kuamua.

Si lazima jiko zima liwe la kitu kimoja. Ukibanwa, weka marinbodi au alumini chini ya sinki, MDF sehemu kavu za juu. Na bodi yoyote utakayochagua, kingo zake zote zibandikwe ukanda wa plastiki, hata zile zisizoonekana. Maji huingilia kingoni.

Vipimo vya kumwandikia fundi

Kabati la chini: kina sentimita 60, kimo pamoja na kaunta sentimita 85 hadi 90. Kama mama ndiye atakayepika na ni mfupi, punguza. Jiko ni la mpikaji. Kabati la juu: kina sentimita 30 hadi 35, na liache nafasi ya sentimita 50 hadi 60 juu ya kaunta. Makabati ya chini yasimame kwenye miguu ya sentimita 10 au kwenye tuta la zege, ili maji ya kupigia deki yasiguse ubao.

Mtungi wa gesi usimamishwe wima. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Usiufungie ndani ya kabati lisilo na tundu. Bora zaidi uwe nje, kwenye kijumba chenye matundu ya chini, bomba lipite ukutani. Tundu hilo hutobolewa katika hatua ya kwanza, kabla ya plasta.

Je, bodi alizotaja fundi ni za kweli?

Bodi moja ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kwa kabati tumia unene wa milimita 18. Kabati moja la chini la upana wa sentimita 60 lina pande mbili, sakafu, rafu na mlango: vipande vitano vinavyokaribiana ukubwa. Bodi moja inatoa vipande sita vya namna hiyo. Basi shika hivi: kabati moja la chini, bodi moja. Kabati la juu, nusu bodi.

Jiko lenye makabati matano chini na matano juu ni kama bodi 8, pamoja na bodi nyembamba za mgongoni. Droo huongeza kidogo. Fundi akikuandikia bodi 14, usimwite mwizi. Mwambie tu, "Fundi, naomba orodha ya vipande utakavyokata." Mwenye hesabu safi ataituma.

Bafuni

Bafuni pesa nyingi iende chini ya vigae. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kila mita. Baada ya kupakwa dawa ya kuzuia maji, na kabla ya vigae, mwambie fundi azibe tundu, ajaze maji kidogo, ayaache saa 24. Ukuta wa chumba cha pili ukilowa, rekebisheni hapo hapo. Baada ya vigae ni kuvunja.

Kabati la bafuni lining'inie ukutani au lisimame kwenye miguu. Na kabla ya kununua choo cha kukaa kwa sababu tu umekikuta kwenye punguzo, uliza mambo mawili: bomba la maji machafu linatokea sakafuni au ukutani, na liko umbali gani kutoka ukuta uliokwisha kuwekwa vigae.

Ununue huku au kule?

Kabati zima lililofungwa ni hewa tupu ndani yake, na mizigo ya meli hutozwa kwa ujazo. Kwa hiyo kabati litengenezwe nyumbani. Vitu vidogo vizito vya ubora ndivyo vya kubeba: bawaba, reli za droo, vishikio, koki. Kwa nyumba za pwani tafuta chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya hewani haimwonei mtu huruma.

Walioko Marekani wawe waangalifu. Umeme wa huko ni volti 120. Kenya na Tanzania ni kama 230 hadi 240. Kifaa cha kuchemshia maji cha volti 120 kitaungua. Hesi za mabomba nazo haziko sawa na za Afrika Mashariki.

Kulipa ukiwa mbali

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana usitume pesa yote kwa mtu mmoja. Bodi na vifaa vilipiwe moja kwa moja dukani, risiti iandikwe jina lako. Ya fundi ni ufundi tu, nayo igawe mara tatu: sehemu ya kwanza akianza kukata, ya pili makabati yakisimama ukutani, ya mwisho baada ya ukaguzi. Ya mwisho isipungue sehemu moja ya tano. Hiyo ndiyo itakayomrudisha mlango ukigoma.

Anayeshika pesa na anayekagua wasiwe mtu mmoja. Kama kaka ndiye analipa, dada au jirani apige video. Waambie wote wawili mapema kwamba ndivyo unavyofanya kwa kila kazi, asijione yeyote anashukiwa. Ndugu wengi wamegombana kwa pesa ambayo haikuibiwa, ila haikuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Video ya ukaguzi ionyeshe haya: tepu ikiwa imewekwa ukutani na namba zinasomeka, pima maji juu ya kaunta, kila mlango na kila droo ikifunguliwa na kufungwa, sinki limejazwa maji, likaachiwa, na mtu anamulika tochi chini yake. Dakika tano zinatosha. Picha ya mlango uliofungwa haikwambii kitu.

Tunajua pesa hii ni ya nini. Ni miaka miwili ya mkataba, ni Ijumaa ambazo hukupumzika, ni jua la juu ya jengo la watu. Jiko la nyumbani kwako ndilo mahali utakaposimama siku ukirudi kwa moja kwa moja. Kwa hiyo wiki hii usitume kitu kwanza. Mwombe aliyeko nyumbani apime ukuta wa jiko ulivyo leo, akutumie video tepu ikionekana, na akwambie jiko limefika namba ngapi katika zile hatua sita. Kama bado halijafika ya nne, fundi wa makabati atangoja, na hela yako itangoja naye.