Kazi ya kurahisisha simu

Mkulima wa ndizi sokoni Nkubu akikwama kwenye menyu ya simu, mara nyingi kosa ni la aliyeipanga. Kupanga menyu hizo ni kazi ya kuajiriwa, na huanza kwa kuwatazama watumiaji.

Majaribio ya M-Pesa ya 2005 yalilenga ulipaji wa mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa. Viongozi wa mradi, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walikubali kubadili mpango; Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa.

Kijana anayeitaka kazi hii amwombe mama mboga ruhusa, amtazame akitumia simu bila kumsaidia (hapo ndipo pagumu), aandike anapokwama, kisha achore menyu upya. Michoro hiyo huonyeshwa kwenye usaili.