Riwaya ya upelelezi si ya kupotezea muda

Mjini Lilongwe kuna soko liitwalo Tsoka. Kwa Kichewa, tsoka ni balaa, bahati mbaya. Kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, wilayani Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Humo Kiswahili huwakutanisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, watu wasiohitaji kufundishwa maana ya balaa.

Balaa likiingia, watu huuliza: nani kalileta? Riwaya ya upelelezi imejengwa juu ya swali hilo, na kwa hiyo haistahili kudharauliwa.

Wanaoibeza wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ni mwigo wa Ulaya. Kweli, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na rafiki yake Najum, anamkumbusha msomaji Sherlock Holmes. Lakini kesi zake ni za Unguja. Katika "Mzimu wa Watu wa Kale", hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu. Mahali kama hapo uvumi huzaliwa upesi. Bwana Msa hautaki, anatafuta ushahidi.

Hoja ya pili: mwisho ukishajulikana, utamu umekwisha. Hapana. Anayerudia kusoma hujiona mwenyewe alivyomshuku asiye na hatia kwa sababu tu ya sura, kazi au maneno ya majirani. Somo hilo ni zito kuliko jina la muuaji.

Malawi inalijua. Mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulienea Mulanje na Phalombe, kusini mwa nchi. Makundi ya watu yenye hasira yaliwaua watu kadhaa walioshukiwa, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya hizo. Hukumu ilitangulia, uchunguzi ukafuata.

Popote uvumi unapovuma, mgeni huwa wa kwanza kunyooshewa kidole, na mkimbizi ni mgeni kila aendako. Kwake, kitabu kinachomzoeza jirani kudai ushahidi kabla ya kuhukumu si cha mzaha.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Riwaya ya upelelezi huuliza: lipo wapi, na nani kaliona?