Skani Imeonyesha Uvimbe Kichwani? Uliza Haya Kabla ya Kulia

Fikiria umejikalia zako Pipeline, simu inaingia kutoka Ikutha. Mama, aliyetibiwa saratani ya matiti miaka minne iliyopita, amepigwa picha ya kichwa na ana uvimbe. Majirani wameshaamua: saratani imerudi, sasa imepanda kichwani. Harambee inapangwa.

Tulia kwanza. Si kila uvimbe wa kichwani ni saratani.

Kuna meninjioma, jina lililotolewa na daktari Mmarekani Harvey Cushing mwaka 1922. Haimei ndani ya ubongo. Humea kwenye utando unaoufunika, ikausukuma ubongo kutoka nje. Nyingi si saratani, hukua polepole, na huwapata wanawake zaidi. Mwimbaji Sheryl Crow alitangaza mwaka 2012 kwamba anayo.

Saratani iliyosambaa ni stori nyingine. Husafiri na damu kutoka kwa mapafu, matiti, figo au ngozi, ikatua ndani ya ubongo wenyewe.

Daktari anazitofautisha vipi? Anaangalia mahali: iko ndani ya ubongo ama imeshikilia utando? Anahesabu: saratani iliyosambaa mara nyingi huwa vinundu kadhaa, meninjioma kwa kawaida huwa moja. Kisha mwonekano. Ukidungwa dawa ya kung'arisha picha, meninjioma hung'aa yote sawasawa, na mara nyingi huonyesha kamkia kwenye utando. Saratani nayo mara nyingi hung'aa ukingoni kama pete, na ubongo unaoizunguka huvimba sana.

Lakini mtego uko hapa: saratani ya matiti inaweza kutua kwenye utando, na kamkia ikawa nako. Tena, aliyewahi kuugua saratani ya matiti anaweza kupata meninjioma ya kawaida tu. Ndiyo maana wakati mwingine picha pekee haitoshi, na kipande cha uvimbe hukatwa kikapimwe maabara.

Kwa hivyo mama akipanda gari Ikutha kuja Nairobi kupitia Kibwezi, mwambie abebe picha zote na karatasi za matibabu ya zamani. Daktari asiyejua historia yake anaweza kuisoma picha vibaya. Na kama anapata kifafa, anatapika ovyo ama mkono umekufa ganzi, msingoje harambee. Mpelekeni hospitali leo.