JANA TAMU, LEO CHUNGU: KWA NINI CHAKULA CHA HOTELI HAKIFANANI?

Ndugu msomaji, wafanyakazi wanapokutana wakati wa mapumziko, hawakosi kulalamika kwamba chakula cha hotelini hakina msimamo. Jumatatu mtu huingia katika hoteli, akaketi kwenye benchi, akaagiza wali na maharage, akala akashiba, akamshukuru mpishi. Alhamisi hurudi hapo hapo pamoja na rafiki aliyemsifia mahali hapo. Bei ni ile ile, benchi ni lile lile, lakini mara hii wali una mawe, maharage ni magumu, na mchuzi ni kama maji ya kunawia. Rafiki humtazama kwa jicho la kuuliza, naye hana jibu.

Desturi yetu ni kumlaumu mpishi. Twasema kwamba amelewa sifa, au ameingiwa na tamaa, au hatujali tena kwa kuwa ametuzoea. Pengine ni kweli. Lakini atakayeifuatilia safari ya chakula tangu shambani hadi sahanini atagundua kwamba aghalabu kasoro inatokana na jambo moja: muda. Kila chakula kina muda wake wa kulowekwa, wa kukaushwa, wa kuchemshwa na wa kuliwa. Muda huo ukipunjwa, au ukirefushwa kupita kiasi, chakula hubadilika hata kama mpishi ni yule yule na mikono yake ni safi. Tulitazame jambo hili katika nchi ya Wamakonde na jirani zao, Newala na Masasi, kwa sababu huko kupunja muda kumewahi kuleta madhara yanayopita hasira ya mteja.

MAJI YAKO CHINI, WATU WAKO JUU

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Anayesimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huliona bonde la Mto Ruvuma limetandaa chini yake, na ng'ambo ya pili nchi ya Msumbiji. Mandhari hayo ni ya kupendeza, lakini yanaeleza pia shida ya wenyeji. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga. Huinywa mvua upesi wala hauachi mito juu yake. Kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda tena mtelemko huo na mzigo kichwani. Mradi mkubwa wa kuyasukuma maji kwa mitambo ulianza katika miaka ya 1950, na tangu hapo mwenye hoteli wa uwandani amekuwa akitegemea bomba. Mtambo ukisimama, ndoo ya maji hugeuka kuwa bidhaa ya thamani.

Sasa mfikirie mama lishe wa Newala mjini au wa kijiji cha kata ya Chilangala. Siku maji yapo, huuosha mchele mara tatu, huyaloweka maharage au njugu mawe usiku kucha, na husuuza sahani kwa maji safi. Siku maji hakuna, mchele huoshwa mara moja, njugu hutiwa jikoni kavu, na beseni moja la maji huosha sahani za asubuhi nzima. Mteja hayaoni hayo. Yeye huiona sahani tu, akasema: “Mama huyu siku hizi ameharibika.”

MSIMU WA NEEMA NA MSIMU WA UKATA

Jambo la pili ni korosho. Katika mikoa ya Kusini, fedha huingia kwa msimu. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani uliokuja mwaka 2007. Miezi hiyo miji ya Newala na Masasi hujaa madereva wa malori, wapagazi wa maghala, makarani wa vyama vya ushirika na wakulima waliolipwa. Hoteli iliyozoea kuwapikia watu 30 hujikuta ina watu 100, nayo mafiga ni yale yale matatu. Mbaazi zilizohitaji saa tatu hupewa saa moja na nusu, na wali hupakuliwa kabla haujakauka maji.

Kisha huja Januari na Februari. Mvua inanyesha, fedha zimekwisha, na wateja ni wa kuhesabu. Hapo kosa hugeuka upande wa pili. Mpishi hapunji tena muda, huurefusha. Maharage yasiyopata mnunuzi leo hupashwa moto kesho, na keshokutwa hutiwa nazi mpya ili yaonekane mageni. Kiporo nyumbani si aibu, maana kila mmoja wetu amelelewa kwa kiporo. Lakini kiporo kinachouzwa kwa bei na jina la chakula kipya ni udanganyifu, na kikilala bila kufunikwa katika joto ni hatari kwa afya.

Samaki nao wana hadithi yao. Barabara itokayo Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ina urefu wa kilometa 210, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Gari likikwama siku moja katika matope ya masika, samaki aliyekuwa mzuri alfajiri hawezi kuwa yule yule afikapo jikoni.

HATA SUPU YA WAVIETNAM

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la vibanda vyetu peke yake. Sehemu kubwa ya korosho ghafi za Kusini hununuliwa na wafanyabiashara wa India na Vietnam, zikabanguliwe huko. Wavietnam hao wana chakula kilichoenea duniani pamoja na wahamiaji wao, hasa baada ya vita iliyokwisha mwaka 1975: supu ya tambi za mchele iitwayo pho. Migahawa yake hupatikana Paris, California na hata katika miji midogo isiyotazamiwa.

Mlaji huona bakuli lenye tambi, vipande vya nyama na majani mabichi. Lakini thamani yote imo katika mchuzi. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa, mdalasini na viungo vingine. Walaji wa migahawa hiyo nao hulalamika kama sisi: wiki hii supu ni nzito na yenye harufu njema, wiki ijayo ni maji ya moto yenye chumvi. Si ajabu. Mchuzi ukipungua wakati wateja wangali mlangoni, njia nyepesi ni kuongeza maji. Na mifupa ikichelewa kutiwa jikoni, hakuna kiungo kitakachofidia saa zilizopotea. Mpishi wa Kivietnam na mama lishe wa Masasi hawajapata kuonana, lakini mtihani wao ni mmoja.

SUMU ISIYOONEKANA

Mpaka hapa tumezungumzia ladha. Yapo mambo makubwa zaidi ya ladha.

Ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku katika wilaya hizi. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali ambayo huzaa sumu ya sianidi. Wakulima hawaupandi muhogo mchungu kwa ujinga. Huvumilia ardhini, na nguruwe pori hawaupendi. Wazee waliijua sumu hiyo kabla ya maabara yoyote, na dawa yake waliyoirithisha ni muda: kuuloweka muhogo siku kadhaa hata ulainike, au kuumenya na kuuanika juani kwa majuma mengi, ukawa makopa, ndipo utwangwe unga.

Mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, watu wa wilaya ya Masasi walipatwa na sumu kali baada ya kula ugali wa muhogo. Wataalamu waliochunguza waliona kwamba muhogo ulikuwa ule ule uliozoeleka. Kilichobadilika ni muda. Kwa sababu ya njaa, watu hawakungoja makopa yakauke. Waliutwanga muhogo mbichi, wakauanika, wakautwanga tena, wakapata unga wa haraka ujulikanao kwa jina la chinyanya. Unga ulikuwa mweupe kama mwingine. Mlaji hakuweza kuutofautisha kwa macho, lakini baada ya saa chache alishikwa na kizunguzungu, kichwa kikamuuma, akatapika.

Tena kuna ugonjwa uitwao konzo, ambao huikaza miguu ghafla na kumwacha mtu kilema maisha yake yote. Huwapata hasa watoto na akina mama wanaokula muhogo wenye sumu kwa majuma mengi bila kitoweo cha kutosha. Ulielezwa na madaktari katika Kongo tangu mwaka 1938, na hapa Tanzania ulichunguzwa wilayani Tarime mwaka 1985.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la “kwa nini leo si kama jana?” si swali la walafi. Katika nchi ya muhogo ni swali la uhai.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye hoteli ajue unga wake umetoka wapi na umekaushwa siku ngapi. Unga wa bei rahisi katika miezi ya njaa ndio wa kuulizwa zaidi. Katika msimu wa korosho ni afadhali apunguze aina za vyakula kuliko kupunguza muda wa kupika. Hoteli yenye mbaazi na wali tu, vilivyoiva, ina heshima kuliko yenye vyakula 6 vilivyo nusu vibichi.

Pili, aseme kweli. Ubao mdogo mlangoni unaosema “Leo hakuna samaki” haufukuzi wateja. Huwafundisha kuamini kwamba siku samaki wapo, ni samaki kweli. Waswahili husema, “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Ila katika mji mdogo wenye hoteli mbili, kibaya nacho hujiuza kwa kuwa njaa haina mahali pengine pa kwenda. Ndiyo maana uaminifu wa mwenye hoteli unahitajika zaidi pale ambapo mteja hana uchaguzi.

Tatu, mlaji naye ana wajibu. Wengi wetu hula tukanuna, tukalipa, kisha tukaenda kusimulia barabarani. Yafaa kumwambia mpishi kwa adabu: “Mama, leo mbaazi hazikuiva. Kuna nini?” Aghalabu atajibu, “Mwanangu, maji yalikatika tangu juzi,” na hapo tatizo la sahani hujulikana kuwa ni tatizo la bomba, ambalo lina ofisi yake na mkutano wake wa kijiji. Mlaji asiyeuliza huacha bomba bovu likae, akaichukia hoteli bure. Na mlaji anayemhimiza mpishi kila mara, “Fanya upesi, mama, nimechelewa kazini!” akumbuke kwamba ameomba yeye mwenyewe chakula kisichoiva.

Nne, nyumbani. Mama au baba anayeutilia shaka unga wa muhogo anaweza kutumia njia iliyobuniwa na wataalamu wa Australia na kutumika katika vijiji vya Kongo vilivyopatwa na konzo. Unga huchanganywa na maji hata ulowe wote, ukatandazwa tabaka jembamba lisilozidi sentimeta 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa. Ugali hupikwa siku ile ile. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka na kukausha vema, bali huongeza usalama. Tena ugali usiliwe mkavu: kunde, mbaazi, dagaa au samaki huusaidia mwili kuishinda sumu iliyobaki.

Tunapolipa hotelini, twadhani tunanunua mchele, mafuta na chumvi. Kwa kweli tunanunua pia usiku wa kuloweka, majuma ya jua juu ya makopa, na saa za moto mdogo chini ya chungu. Mwenye hoteli anayetupunja hivyo ametupunja zaidi ya anayepunguza mwiko wa wali. Kwa maana wali uliopungua tutauona, lakini muda uliopungua hatuuoni mpaka tumekwisha kula.