Jani Moja Linatosha: Kuzalisha Violeti ya Usambara Nyumbani



Katika nyumba nyingi za Ulaya, kwenye dirisha la jikoni, hukaa chungu kidogo chenye maua ya zambarau na majani ya duara yenye manyoya laini. Wajerumani huliita ua hilo kwa jina lenye maana ya urujuani wa Usambara. Bila shaka baadhi ya wafadhili wetu wanalo nyumbani wakati wanasoma ukurasa huu. Hapa kwetu, ambako ua hilo limetoka, nyumba zinazolifuga ni chache. Anayelitaka huona njia mbili tu: kulinunua mjini kwa muuza maua, au kumtuma kijana apande kwenye miamba ya msituni akaling'oe. Makala haya yanaeleza njia ya tatu, ambayo ni rahisi kuliko zote mbili, na ambayo kikundi chochote cha usharika kinaweza kuianza kwa wembe, mchanga na chupa tupu za maji.

Ua lilivyotoka kwetu

Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, ofisa wao wa wilaya ya Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili na kumtumia baba yake huko Ujerumani mbegu zake. Baba alizifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliupa mmea huo jina la kitaalamu la Saintpaulia ionantha, yaani mmea wa akina Saint Paul wenye maua kama ya urujuani. Kwa kweli hauna undugu wowote na urujuani wa Ulaya. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa mimea wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua duniani kote bado wanatumia jina la zamani, nasi hapa tutasema tu violeti.

Kwa asili violeti hizi hazipatikani popote duniani isipokuwa Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya. Hukaa Usambara, Nguru, Uluguru na milima mingine ya Tao la Mashariki, na upande wa Kenya zipo Taita na karibu na pwani. Huota kwenye miamba yenye kivuli na kingo za vijito, mahali penye udongo mchache sana. Mizizi yake ni mifupi. Miti ya juu ikikatwa, mwamba hupata jua la moja kwa moja, ukungu wa asubuhi hukauka mapema, na violeti zilizokaa hapo miaka mingi hufa. Hivyo adui wake mkubwa ni kupotea kwa kivuli: kukata mbao, kuchoma mkaa, na kusafisha msitu wa chini ili kupanda iliki. Lakini kung'oa nako kunaumiza, kwa sababu aina nyingine huishi kwenye eneo dogo mno. Mtu mmoja mwenye kikapu anaweza kumaliza mwamba mzima kwa asubuhi moja.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa yeyote anayechukua mazao ya msitu ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni mojawapo ya maeneo hayo. Tunalisema hili mapema ili kamati isije ikaweka kwenye andiko la mradi mstari unaosomeka "kukusanya miche msituni".

Kwa nini jani linaweza

Kila mkulima anajua kwamba ukitaka muhogo unapanda pingili yenye macho. Ukichomeka jani la muhogo ardhini, litaoza. Ndivyo ilivyo kwa mawaridi na bogonvilia pia: bila jicho kwenye kijiti, hakuna chipukizi. Violeti iko tofauti. Ukikata kikonyo cha jani lake, chembechembe zilizo karibu na jeraha huanza kugawanyika upya. Kwanza hutoa mizizi, kisha hutoa vichipukizi kamili vyenye majani yao wenyewe. Jani lile la mwanzo haligeuki kuwa mmea. Hubaki kama mlezi, likilisha watoto waliojitokeza chini ya kikonyo.

Kwa hiyo mmea mmoja wenye majani 15 unaweza kutoa majani matatu au manne bila kudhoofika, ukaendelea kuchanua. Na kwa kuwa vichipukizi vinatokana na mwili wa mama uleule, rangi ya ua hufanana na ya mama, tofauti na mbegu, ambazo huleta mchanganyiko. Kuna ubaguzi mmoja: aina zenye mistari ya rangi mbili inayotoka katikati ya ua kama magurudumu. Hizo zikizalishwa kwa jani kwa kawaida hupoteza mistari, na inabidi kutumia chipukizi la pembeni. Kwa kikundi kinachoanza, aina za rangi moja zinatosha kabisa.

Namna ya kufanya

Anza na mmea wenye afya, uliomwagiliwa siku iliyotangulia. Usichukue majani ya chini kabisa, kwa kuwa yamezeeka na huoza haraka, wala yale madogo ya katikati, kwa kuwa ndiyo ukuaji wenyewe wa mmea. Chukua ya safu ya kati, yaliyokomaa lakini bado yana rangi nzuri. Shika kikonyo karibu na shina, likunje jani kando mpaka livunjike lote, bila kuacha kisiki kitakachooza shinani.

Kwa wembe safi, kata kikonyo kwa mshazari kibaki na urefu wa sentimeta 3 hivi. Wembe uoshwe kwa spiriti au upitishwe kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine. Ukitumia mkasi butu, unabana kikonyo badala ya kukikata, na mahali palipobanwa ndipo uozo unapoanzia. Acha jeraha likauke kidogo kivulini, robo saa inatosha.

Udongo ndio unaoshinda wengi. Tumezoea kuamini kwamba mche unapenda udongo mweusi wenye samadi nyingi. Jani la violeti halina mizizi ya kula samadi hiyo, na unyevunyevu wake hulioza. Linachohitaji ni kitu chepesi kinachopitisha hewa: mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, ukichanganywa nusu kwa nusu na makapi ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi, au na nyuzi za makumbi ya nazi kwa walio pwani. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, uache upoe na kuchuja. Maji hayo ya moto hupunguza ukungu na mayai ya wadudu.

Toboa matundu chini ya kopo la mtindi, jaza mchanganyiko, kisha chomeka kikonyo kwa kina cha sentimeta 1 hadi 1.5, kikiegemea kidogo. Mkizamisha kikonyo chote, vichipukizi vitachelewa kutokea juu. Homoni ya dukani ya kuotesha mizizi haihitajiki.

Sasa funika. Vitabu vingi vya zamani huelekeza mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kwa vyovyote chupa ni bora zaidi. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, funika kopo kwa nusu ya juu, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ukiona matone mengi ndani, fungua kifuniko kwa saa chache.

Weka mahali penye mwanga wa kusoma gazeti bila taa, lakini jua lisiguse chupa, kwani ndani yake joto hupanda haraka na jani hupikwa. Baraza yenye kivuli au dirisha linalopata jua la asubuhi mapema ni mahali pazuri. Joto linalofaa ni nyuzi 20 hadi 25. Wenzetu wa Lushoto na Mlalo wategemee kusubiri zaidi mwezi Juni na Julai. Ikiwezekana waanze Septemba.

Kusubiri

Mizizi hutokea baada ya wiki tatu au nne. Baada ya hapo haionekani dalili yoyote kwa muda mrefu, na hapa ndipo wengi hung'oa jani "waangalie". Wasiangalie. Jani likiwa bado gumu na kijani, kazi inaendelea. Vichipukizi vidogo kama masikio ya panya huchomoza kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, mara nyingi vitatu hadi vitano kwa jani moja. Vikifikia kimo cha sentimeta 3, vitenganishwe taratibu, kila kimoja na mizizi yake, na kupandwa kwenye kopo dogo. Hapo ndipo mboji iliyoiva vizuri inaweza kuongezwa, theluthi moja tu ya mchanganyiko. Jani la mama, kama bado zima, likatwe upya kikonyo na kupandwa tena.

Kopo lisiwe kubwa. Violeti hukaa vizuri kwenye chungu chenye upana wa theluthi moja ya upana wa majani yake. Ukiipa ndoo, maji hubaki kwenye udongo usio na mizizi na shina huoza. Mwagilia kutoka chini: weka kopo kwenye sahani yenye maji kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Maji ya baridi yakidondokea majani huacha madoa ya duara yasiyofutika, na watu wengi hudhani ni ugonjwa. Ugonjwa wenyewe mtautambua kwa vijidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Ni jamaa za kidung'ata anayesumbua muhogo. Mfute kwa pamba iliyochovywa spiriti, na utenge kopo hilo mbali na mengine kwa wiki kadhaa.

Tangu jani mpaka ua la kwanza ni miezi sita hadi tisa. Si biashara ya haraka, na tungependa kamati zijue hivyo kabla ya kuanza.

Kuhusu mradi

Maandiko ya miradi ya maua mara nyingi huanza na mstari wa kitalu nyumba. Kwa violeti hatushauri. Kitalu nyumba cha plastiki kwenye jua letu huwa na joto kali mchana, na mmea huu ni wa kivulini. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama 20, kila mmoja na mmea mmoja. Wakitoa majani matatu matatu, wana majani 60. Tuseme theluthi nzima ioze, yamebaki 40. Kwa vichipukizi vitatu kwa jani, ni mimea 120 kabla mwaka haujaisha, kwa gharama ya mchanga na makopo yaliyokuwa yatupwe. Kinachohitaji fedha ni mimea ya mwanzo yenye afya, na nauli ya mtu mwenye uzoefu kuja mara mbili: siku ya kupanda na siku ya kutenganisha. Ombi la namna hiyo hata sisi ofisini tunaliidhinisha kwa moyo mweupe.

Wafadhili wengine wanaweza kuwaza kutuletea majani ya aina zao ndani ya begi la safari. Tunashukuru kwa nia hiyo, lakini mimea inayoingia nchini inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na jambo hilo liko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kidung'ata mmoja aliyejificha ndani ya begi ni mgeni ambaye hatumtaki.

Kamati za mazingira nazo tunazikumbusha jambo moja. Violeti za madukani ni machotara yaliyotokana na karne nzima ya kuchanganya aina. Zisipelekwe msituni kwa nia ya "kuzirudisha nyumbani", hata kama mwamba umebaki mtupu, kwa sababu zinaweza kuzaana na zile za asili na kuharibu mbegu yake. Za sebuleni zikae sebuleni. Kwa mwamba uliobaki mtupu, cha kufanya ni kulinda miti iliyo juu yake.

Kila kopo liandikwe tarehe ya kupandwa na rangi ya ua la mama, kwa kalamu isiyofutika, maana vichipukizi vyote hufanana mpaka vichanue. Usharika wenye mimea mizuri unaweza kuwapa jirani majani bila kusafirisha vyungu. Jani likizungushiwa karatasi laini yenye unyevu kwenye kikonyo na kuwekwa ndani ya kibakuli chenye mfuniko, mbali na jua, hukaa siku mbili bila shida. Lililokatwa Tanga alfajiri na kupakiwa kwenye basi la asubuhi linaweza kuwa limechomekwa kwenye mchanga Lushoto kabla ya giza.