Bunia Kati ya Naili na Kongo: Kusoma Jiografia ya Nchi kwa Njia ya Mtandao

Mvua inayonyesha juu ya vilima vilivyoko kati ya mji wa Bunia, katika jimbo la Ituri nchini Kongo, na Ziwa Albert haina njia moja ya kwenda baharini. Maji yanayoteremkia mashariki huingia ziwani, yakatoka humo kwa Mto Naili, yakapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Ilhali yale yanayoteremkia magharibi hukusanywa na Mto Shari, yakaingia Mto Ituri, ambao huko mbele hubadilika jina na kuitwa Aruwimi, ukamwagika katika Mto Kongo pale Basoko, na hatimaye yakapita mbele ya Kinshasa hadi Bahari ya Atlantiki. Mstari unaotenganisha mabonde ya mito kwa namna hiyo huitwa mgawanyo wa maji, na huu wa Ituri unatenganisha mto mrefu kuliko yote ya Afrika na mto wenye maji mengi kuliko yote. Mwanafunzi wa Bunia ana somo hili nje ya mji wake, katika njia iendayo ziwani Kasenyi, na kozi yoyote ya jiografia ya Kongo inayomfikia kwa njia ya intaneti inafaa ipimwe kwanza kwa swali moja: je, inamrudisha kwenye vilima hivyo akiwa na macho mapya, au inamwacha mbele ya kioo cha simu akikariri orodha ya majimbo?

Swali hilo linahusu asili ya somo lenyewe. Jiografia ya kikanda ni tawi la jiografia linalochukua sehemu moja ya dunia, iwe nchi, jimbo au bonde, na kuchunguza jinsi ardhi, maji, hali ya hewa, watu, kazi na utawala vinavyoshikamana mahali hapo na kupafanya pawe tofauti na jirani zake. Inatofautiana na jiografia ya mada, ambayo huchukua jambo moja, kama mvua au miji, na kulifuatilia duniani kote. Mfaransa Paul Vidal de la Blache, ambaye kitabu chake kuhusu sura ya nchi ya Ufaransa kilitoka mwaka 1903, ndiye aliyeipa njia hii heshima kubwa, akionyesha kwamba mazingira humpa mwanadamu nafasi kadhaa, naye kwa mazoea na maarifa yake huchagua mojawapo. Mmarekani Richard Hartshorne aliitetea mwaka 1939, na Fred Schaefer akaishambulia mwaka 1953 kwa hoja kwamba kueleza upekee wa kila mahali hakuwezi kuzaa kanuni za jumla. Lawama hiyo ilikuwa na haki kiasi, kwa kuwa vitabu vingi vya kikanda vilikuwa vimegeuka orodha ndefu za milima, mazao na idadi ya watu zisizofungamana. Kozi nyingi za mtandaoni ziko katika hatari ya kurithi kosa hilohilo, maana orodha ni rahisi kuipakia na ni rahisi kuitungia maswali ya kuchagua jibu.

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, elimu ya chuo kwa masafa imekuwapo kabla ya simu za kisasa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wanafunzi wasioweza kuacha kazi na familia zao, na Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia kabla ya makao yake kuhamia Nairobi. Kisha mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga madarasa, hata walimu wasiokuwa wamewahi kuufikiria mtandao walilazimika kuutumia. Leo mwanafunzi wa Bunia aliye na simu na fedha ya kununua mega, kama watu wanavyouita ujazo wa intaneti, anaweza kujiandikisha katika kozi inayotolewa Kinshasa, Nairobi au Brussels.

Kozi za namna hiyo ni za aina mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ya kwanza humtaka mwanafunzi awepo saa ileile mwalimu anapozungumza. Ya pili huweka maandishi, ramani na mihadhara iliyorekodiwa mahali ambapo kila mmoja huipakua kwa wakati wake. Mhadhara unaoanza Kinshasa saa mbili asubuhi unaanza Bunia saa tatu, na sababu yake ni jiografia tupu: dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, Kinshasa iko karibu na nyuzi 15 mashariki na Bunia karibu na nyuzi 30, hivyo jua hufika Bunia saa moja kabla ya kufika mji mkuu. Kwa mji ambao umeme na mtandao haviaminiki siku zote, aina ya pili ndiyo yenye huruma zaidi. Maandishi mepesi na ramani iliyopunguzwa uzito humfaa mwanafunzi wa Ituri kuliko video nzuri inayomaliza mega za wiki nzima kwa jioni moja, na mwalimu anayejali hulifikiria jambo hilo kabla ya kutengeneza somo.

Hata hivyo mtandao umeleta jambo moja ambalo vyuo vya zamani, hata vya matajiri, havikuwa nalo: nchi nzima inaweza kuonekana kutoka juu bila malipo. Picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, zilifunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 2008. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha ambazo kila nukta yake, yaani pikseli, hufunika mraba wa mita 10 kwa 10 ardhini. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada mwinuko wa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku zipatazo 11, na vipimo hivyo hupatikana kwa yeyote. Kwa programu ya bure kama QGIS, mwanafunzi anaweza kuviunganisha vyote na kuchora mkato wa ardhi, yaani mchoro unaoonyesha umbo la nchi kana kwamba imekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni.

Zoezi linalofaa kuliko mengine yote kwa Ituri ni mkato unaoanza Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, ukapita Bunia na Komanda hadi msitu wa Mambasa. Mwanzoni mchoro uko kwenye takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari, ambapo ziwa limelala ndani ya tawi moja la Bonde la Ufa, mpasuko mkubwa wa ardhi ambao sakafu yake imezama huku kingo zake zikiinuka. Tawi hilohilo la Bonde la Ufa limebeba pia Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, lakini kina kikubwa cha Albert ni takriban mita 58 tu, kwa kuwa mpasuko huo umejazwa na mchanga na tope la mamilioni ya miaka. Katika matabaka hayo ndimo Uganda ilimogundua mafuta mwaka 2006. Uhai wa ufukweni ni uvuvi, na sehemu ya samaki hutiwa chumvi na kukaushwa ili wavumilie safari ndefu ya barabara.

Kisha mchoro unapanda ghafla. Katika umbali mfupi ardhi huinuka kwa mamia ya mita, ukingo wa ufa unapitwa, mgawanyo wa maji unavukwa, na Bunia inatokea juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,200, wenye hewa ya baridi kiasi, majani ya malisho, ng'ombe, maharage, mahindi na mihogo. Hapa mwanafunzi anaanza kuona uhusiano ambao orodha haimwonyeshi: samaki wa bonde lenye joto na maziwa ya ng'ombe wa nyanda za juu vimekuwa vikibadilishwa tangu zamani, na soko la Bunia limekua pale ambapo mazingira mawili yanakutana. Kaskazini, katika wilaya ya Djugu, dhahabu ya Kilo, iliyogunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20, iliongeza sababu nyingine ya barabara, kambi za wafanyakazi na wahamiaji.

Magharibi mwa Komanda savana inaachia msitu. Sehemu kubwa za msitu wa Ituri zimetawaliwa na mti mmoja mkubwa uitwao mbau, ambao kivuli chake ni kizito kiasi kwamba mimea michache tu huota chini yake. Humo ndimo anamoishi okapi, mnyama wa jamaa ya twiga aliyetambuliwa na wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901, ingawa Wambuti, wakazi wa msitu huo, na majirani zao walikuwa wakimjua vizazi vingi kabla ya hapo. Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 13,700, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996 na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa mkato mmoja, basi, mwanafunzi amepitia kanda tatu za asili, na amejionea kwamba mipaka kati yake haifuati mipaka ya utawala.

Mipaka ya utawala nayo ina somo lake. Ituri ya leo ina wilaya tano, ambazo ni Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, lakini imekuwa jimbo kamili tangu mwaka 2015 tu, pale Jimbo la Orientale lilipogawanywa kuwa manne kufuatia Katiba ya mwaka 2006 iliyoigawa nchi katika majimbo 25 pamoja na jiji la Kinshasa. Katika miaka ya Zaire jimbo hilo kubwa liliitwa Haut-Zaïre, na Ziwa Albert lilipewa jina la Mobutu. Anayetafuta maandishi ya zamani kwa jina la Ituri peke yake atakosa mengi, na kozi nzuri humfundisha majina haya yaliyokufa mapema kabisa, kabla ya kumwagiza utafiti.

Ramani ya uhusiano, ambayo ndiyo moyo wa jiografia ya kikanda, inashangaza zaidi. Kwa mstari ulionyooka Bunia iko karibu kilomita 1,800 kutoka mji mkuu wake, lakini ni takriban kilomita 300 tu hadi Kampala. Hata bandari ya Mombasa, iliyo kwenye bahari nyingine kabisa, iko karibu kilomita 1,200, yaani karibu zaidi kuliko Kinshasa. Ndiyo sababu bidhaa nyingi za madukani Bunia huja kutoka mashariki kwa malori yanayovuka mpaka wa Uganda, na Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa, ndicho lugha ya soko, ingawa mihadhara huandikwa kwa Kifaransa. Jambo hili la lugha linastahili uzito kuliko linavyopewa. Mwanafunzi anayeweza kueleza mgawanyo wa maji kwa Kifaransa peke yake atashindwa kumuuliza mzee wa Djugu ni lini chemchemi yake ilikauka.

Kuna mambo ambayo picha kutoka juu haiyaonyeshi, au huyaonyesha kwa namna ya kupotosha. Mawingu hufunika msitu kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo mwanafunzi hulazimika kuunganisha picha za siku nyingi au kutumia rada, ambayo mawimbi yake hupenya mawingu. Kiraka kilichokosa miti chaweza kuwa shamba jipya, machimbo ya dhahabu, au makazi ya watu waliokimbia vita, na nukta ya mita 10 haisemi ni kipi. Idadi ya watu ni tatizo kubwa zaidi: sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, wakati wakazi wote wa nchi walikuwa takriban milioni 30, na tangu hapo kila tarakimu ni makadirio. Kwa jimbo ambalo vita vimehamisha watu mara kwa mara tangu mwaka 1999, na ambalo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, makadirio hayo yanaweza kuwa mbali na hali halisi ya kijiji. Mwalimu aliye mbali ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi, na aliye karibu ana wajibu wa kutowatuma wanafunzi mahali ambapo njia si salama. Ni katika sehemu hizo zisizofikika ambapo picha za setilaiti, pamoja na upungufu wake wote, zinafanya kazi ambayo miguu haiwezi kuifanya.

Pale miguu inapoweza kufika, haina mbadala. Mwanajiografia Pierre Gourou, aliyechapisha mwaka 1955 utafiti kuhusu msongamano wa watu wa vijijini katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha kwamba wingi au uchache wa watu haueleweki kwa rutuba ya udongo peke yake, bali pia kwa historia, ufundi wa kilimo na namna jamii zilivyojipanga. Mambo hayo huulizwa kwa watu wenyewe. Mwanafunzi aliyekamilisha mkato wake wa Kasenyi hadi Mambasa anaweza kwenda soko la Bunia na kuandika, kwa kila bidhaa, imetoka wapi, imefika kwa chombo gani na imelala njiani siku ngapi, kisha akayaweka majibu hayo juu ya mchoro pamoja na tarehe. Wengi wanaosoma jiografia mjini hapo, kama wale wa Chuo cha Ualimu cha ISP, hujiandaa kufundisha shule za sekondari, na ramani inayotundikwa ukutani mwa darasa mara nyingi ni ya kabla ya mwaka 2015, ambayo haimwonyeshi mtoto wa Mahagi au Mambasa jimbo lake. Mchoro wa karatasi mbili zilizogundishwa, wenye ziwa upande mmoja na msitu upande wa pili, waweza kutundikwa kando ya ramani hiyo, na mwanafunzi wa darasani akaonyeshwa kwa kidole mahali ambapo mvua ya kwao inaamua bahari yake.